Video fupi mtandaoni: sekunde tatu za kwanza zinalipwa na mega za mtazamaji

Kutoka Lubumbashi hadi Bunia, ni vigumu leo kupita sokoni bila kumkuta kijana amesimamisha simu yake juu ya tofali, akicheza, akichekesha au akionyesha bidhaa. Wengi wao wana swali moja: kwa nini video yangu inatazamwa na watu 200 tu, na ile ya jirani inafika 40 000? Nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo hawalisemi kwa sauti: pesa ziko wapi?

Ni vizuri kuanza na hilo la pili, kwa sababu jibu lake linabadilisha kazi yote. TikTok ina mpango wa kuwalipa watengenezaji wa video. Ili mtu aingie anapaswa kuwa na miaka 18, wafuasi 10 000 na video zilizotazamwa mara 100 000 ndani ya siku 30 zilizopita, na video inayolipwa lazima ipite dakika moja. Lakini kuna sharti lingine lililo zito kuliko hayo yote: nchi. Mpango huo uko katika nchi chache, zikiwemo Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Japani, Korea Kusini na Brazil. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haimo.

Kwa hiyo kijana wa Katuba ambaye video yake imetazamwa mara milioni hapati hata franka moja kutoka mpango huo. Atakachopata kitatoka kwa watu wenyewe: mteja atakayetuma M-Pesa au Airtel Money, familia itakayomwita kuchekesha kwenye harusi, duka litakalomlipa ili aonyeshe viatu vyake. Ndiyo maana, kwa fundi cherehani wa Lubumbashi, watazamaji 3 000 wanaokaa mjini humo wana faida kuliko 100 000 waliotawanyika duniani ambao hawatavaa kamwe nguo aliyoishona. Wengi wanakimbilia hesabu kubwa bila kujiuliza ni hesabu ya nani.

Mashine inachagua namna gani

Watu wengi wanaamini kwamba TikTok inawapendelea wenye wafuasi wengi, au kwamba akaunti yao «imefungwa» kwa siri. Mnamo Juni 2020 kampuni hiyo ilieleza hadharani namna programu yake inavyochagua video za kumwonyesha kila mtu. Ilisema kwamba inaangalia yale mtazamaji anayoyafanya, kama kupenda, kutoa maoni na kusambaza. Inaangalia maelezo ya video yenyewe, kama maneno na muziki. Na kwa uzito mdogo zaidi, lugha na nchi iliyoandikwa katika simu. Idadi ya wafuasi wa mwenye video haihesabiwi moja kwa moja. Na katika alama zote, mfano wa alama yenye nguvu uliotolewa ni huu: mtu kutazama video ndefu tangu mwanzo hadi mwisho. Alama hiyo, kampuni ilisema, ina uzito kuliko ile ya mtazamaji na mtengenezaji kuwa katika nchi moja.

YouTube ilikuwa imefikia wazo hilo mapema zaidi, mwaka 2012, ilipoacha kutegemea idadi ya watu waliobonyeza video na kuanza kuupa uzito muda waliokaa wakitazama. Hivyo swali la mtengenezaji si «nitafanya nini ili wabonyeze?» bali «ni kitu gani kinawafanya waondoke?»

Hapa kwetu mtazamaji ana sababu moja zaidi ya kuondoka. Mtu wa Ulaya ana intaneti ya nyumbani inayolipwa kwa mwezi, asubuhi hadi usiku. Mtu wa Kadutu amenunua mega za siku moja, na kila video inayofunguka inazila. Akiona kwamba sekunde tatu zimepita na hakuna kitu, kidole kinapanda juu. Si dharau, ni hesabu ya mfuko.

Salamu zinazokula nusu ya video

Salamu ni adabu, na hakuna atakayemwambia Mswahili aache kusalimia. Lakini katika video ya sekunde 30, salamu ya sekunde 12 ni karibu nusu ya kazi. Wengi huanza hivi: jambo kwenu nyote, karibuni tena katika ukurasa wangu, kama ni mara yako ya kwanza usisahau kunifuata, kupenda na kusambaza. Mtu anaombwa kusambaza kitu ambacho hajakiona bado.

Mfano mzuri ni fundi wa mbabula. Mjini Lubumbashi umeme ukikatika, na hukatika mara nyingi, chakula kinapikwa kwa makala, na bei ya mfuko wa makala inajulikana na kila mama. Fundi ametengeneza mbabula yenye udongo ndani, inayokula makala kidogo, na anataka watu waijue. Kawaida atasimama mbele ya simu, atataja jina la kiwanda chake, atamshukuru Mungu, atawasalimia ndugu walio ng'ambo, ataeleza alianza kazi mwaka gani, na mbabula yenyewe itaonekana sekunde ya 25. Wakati huo waliokuwa wanatazama wamekwisha kupita.

Video hiyohiyo inaweza kuanzia mwisho. Chini kuna mbabula mbili, ya zamani na mpya. Kila moja imetiwa kopo moja la makala. Sufuria mbili sawa, maji sawa. Picha ya kwanza kabisa: sufuria ya kulia inachemka, ya kushoto iko kimya. Na sauti: «Bamama, muangalie: makala ni moja, lakini hii maji iko nachemka.» Mtu hawezi kuondoka hapo bila kujua sababu. Sekunde kumi zinazofuata zinaonyesha ndani ya mbabula, udongo na matundu ya hewa, mkono wa fundi ukigusa kila sehemu anayoitaja. Kisha bei na mahali: soko gani, barabara gani. Salamu inaweza kuja hapo, au kuandikwa tu chini ya video.

Bei isemwe. Tabia ya kumwambia mtu aandike ujumbe sirini ndipo aambiwe bei inawachosha wateja, na mama mwenye haraka haulizi mara mbili. Na jaribio liwe la kweli: kama maji ya kulia yalitiwa moto kabla, mama atakayenunua atajua siku ya kwanza, na atakuja kuandika hayo palepale chini ya video, mbele ya watu wote.

Jambo moja linatosha kwa video moja. Namna ya kuwasha mbabula bila moshi ni video ya pili, namna ya kutengeneza udongo uliopasuka ni ya tatu, na mtu aliyeona ya kwanza ana sababu ya kurudi. TikTok ilianza na video za sekunde 15, ikaruhusu dakika moja, tatu mwaka 2021, kumi mwaka 2022. YouTube nayo imeruhusu video fupi za hadi dakika tatu tangu Oktoba 2024. Kupewa dakika kumi si amri ya kuzijaza.

Sauti kwanza, picha baadaye

Vijana wengi wanadhani kinachowakosesha watazamaji ni simu ya bei ndogo. Mara nyingi ni sauti. Mtu anavumilia picha yenye giza kidogo, lakini havumilii maneno asiyoyasikia, na mtaani kwetu kila kitu kinapiga kelele: jenereta ya duka, pikipiki za motari, kanisa la jirani, upepo wa Ziwa Kivu kwa wanaopiga video ufukweni. Dawa ya bei ndogo ni kuikaribia simu. Kipaza sauti cha waya za masikioni, kikikaa karibu na kifua, kinashinda kile cha simu iliyo mita tatu mbali. Wengine hurekodi sauti peke yake, ndani ya chumba chenye nguo nyingi na pazia ili isirudi ukutani, kisha wanaibandika juu ya picha kwa CapCut au programu nyingine. Muziki ushuke kabisa wakati mtu anaongea.

Kuhusu picha, mambo si mengi. Simu isimame wima, kwa sababu video hizi zinajaza kioo chote. Lensi ifutwe kwa kitambaa safi, maana simu inayotoka mfukoni ina mafuta ya vidole na hayo ndiyo yanayoleta ule ukungu ambao watu wanaulaumu kamera. Uso utazame mlango au dirisha. Asiyejua hilo anasimama na dirisha mgongoni na anaonekana kama kivuli. Saa ya mapema asubuhi, au jua likielekea kutua, mwanga unakuwa laini kuliko saa sita ya mchana.

Ukubwa wa faili nao ni pesa. Kwenye iPhone, Apple yenyewe inakadiria kwamba dakika moja iliyopigwa kwa kipimo cha 1080 inachukua megabaiti 60 hivi, na ile ya 4K megabaiti 170. Programu za mitandao zinaipunguza video hata hivyo, kwa hiyo 1080 inatosha, na anayepiga 4K analipa mega kwa kitu ambacho mtazamaji hatakiona. Anayemtumia rafiki video ili aikate na kuipanga asiitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu inabanwa na kupoteza ubora. Aitume kama hati.

Wapo pia wanaochukua video waliyoiweka TikTok, yenye alama ya TikTok inayorukaruka pembeni, na kuirudisha Instagram. Tangu Februari 2021 Instagram ilisema wazi kwamba video zenye alama ya programu nyingine hazitapendekezwa sana kwa watu. Ni bora kuhifadhi video safi katika simu kabla ya kuiweka popote.

Kiswahili gani?

Hapa ndipo mabishano ni makali. Mmoja anasema Kifaransa ili aonekane msomi, mwingine Lingala ili apendwe Kinshasa, wa tatu anajaribu Kiswahili cha Tanzania alichokisikia katika filamu, na kinamkaa vibaya kama kanzu ya kuazima. Mtazamaji wa kwanza ni jirani, na jirani anacheka kwa lugha yake.

Lubumbashi haikuanza jana kuchekesha kwa Kiswahili chake. Kabla ya simu za kioo, kundi la maigizo la Mufwankolo lilikuwa linawaweka watu mbele ya redio na televisheni kwa michezo ya Kiswahili cha Katanga, kile cha migodini na cha sokoni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilifuata kundi hilo, na mwaka 1990 alitoa kitabu kuhusu mchezo walioutayarisha mwaka 1986 juu ya usemi kwamba madaraka huliwa mazima. Waigizaji hao walikuwa wanajenga mchezo pamoja kwa kuzungumza, wanajaribu, wanarudia, na kila mtu katika mchezo alijulikana mara tu alipofungua kinywa: chifu, mlevi, mama wa nyumbani. Video ya kuchekesha ya dakika moja inahitaji kitu hichohicho. Tofauti ni kwamba leo wengi wanapiga mara moja tu bila kurudia, na inaonekana.

Lugha ya kwetu haimfungi mtu. Kili Paul wa Tanzania, aliyevaa shuka lake la Kimaasai na kuigiza nyimbo za Kihindi, alitajwa na waziri mkuu wa India Narendra Modi katika kipindi chake cha redio cha Februari 2022. Khabane Lame, aliyezaliwa Senegal na kukulia Italia, alipoteza kazi ya kiwandani mwaka 2020 wakati wa korona, akaanza kupiga video bila kusema neno: anatazama mtu anayefanya jambo rahisi kwa njia ngumu, analifanya yeye kwa njia fupi, ananyoosha mikono. Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote katika TikTok. Hao wawili hawakubadilisha sura zao ili wafanane na wengine.

Kinachosaidia kuvuka mpaka wa lugha ni maandishi juu ya picha. Aliye ndani ya basi au hospitalini anatazama bila sauti, na bila maandishi haelewi. Mstari mfupi wa Kifaransa chini ya maneno ya Kiswahili unawaleta watu wa Kinshasa na ndugu walio Ubelgiji au Canada, bila kumfukuza jirani. Maandishi yawe makubwa, na yasiwekwe chini kabisa wala ukingo wa kulia, mahali ambapo vitufe vya programu vinayafunika.

Kusoma hesabu bila kujidanganya

Namba inayoonekana kubwa inaweza kuwa tupu. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube inahesabu video fupi kuwa imetazamwa kila mara inapoanza kucheza au kurudiwa, hata kama mtu amepita papo hapo. Anayefurahia namba hiyo peke yake anafurahia vidole vinavyopita. Katika kurasa za takwimu, zile ambazo mwenye akaunti tu anaziona, TikTok inaonyesha wastani wa muda uliotazamwa na sehemu ya watu waliofika mwisho. YouTube inaonyesha wangapi walibaki na wangapi walipita. Humo ndimo mwa kutazama. Kama watu wengi wanaondoka sekunde ya nne, irudiwe mara kadhaa ile sekunde ya nne: pengine ndipo salamu ilipoanza.

Saa ya kuweka video, ambayo vijana wanaibishania sana, ina uzito mdogo kuliko wanavyofikiri. Jioni watu wengi wamerudi nyumbani, ndiyo. Lakini kama umeme umekatika mtaani, simu zimezimika.

Maoni yana uzito zaidi. Mtu anayeuliza «hii mbabula inafika Likasi?» amempa fundi kichwa cha video inayofuata.

Damu inaleta watu haraka

Mashariki mwa nchi kuna njia moja ya kupata watazamaji wengi kwa usiku mmoja, na kila mtu anaijua: kuweka video ya vita. Tangu M23 ilipoanza tena kupigana mwishoni mwa 2021, na zaidi tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi Januari na Februari 2025, picha za maiti, za wakimbizi na za milio ya risasi zinazunguka kutoka simu hadi simu. Nyingine ni za zamani, nyingine ni za nchi nyingine, zimebandikwa jina la kijiji cha kwetu. Familia inaweza kukimbia usiku na watoto mgongoni kwa sababu ya video ya sekunde 20 iliyowekwa na mtu aliyetaka wafuasi.

Hata volkano inaweza kudanganya. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na lava ya usiku haina tarehe usoni. Video isiyosema siku wala mahali inaweza kurudishwa wakati wowote kuwatisha watu wa Goma. Anayepiga tukio la kweli aseme kwa sauti yake, ndani ya video, yuko wapi na ni tarehe ngapi. Maneno yaliyoandikwa chini yanapotea video inapochukuliwa na wengine. Asionyeshe uso wa maiti wala wa mtoto aliyejeruhiwa. Mama yake naye ana simu.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inasema katika kifungu cha 360 kwamba anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita na kutozwa faini ya franka za Congo 500 000 hadi 1 000 000, au adhabu mojawapo. Neno «kusambaza» liangaliwe vizuri: aliyebonyeza tu yumo. Kifungu cha namna hiyo kinaweza pia kutumiwa kumnyamazisha aliyesema kweli, na kwa sababu hiyo mtengenezaji mwenye busara anahifadhi video yake ya asili, isiyokatwa, yenye tarehe.

Kuhifadhi kuna sababu nyingine. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu. Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya Goma kuanguka, TikTok na X zilizuiliwa. Na bila amri ya serikali, simu inaibwa tu sokoni, namba isiyotumika inapewa mtu mwingine, na akaunti yenye kazi ya miaka miwili inaondoka nayo. Akaunti iunganishwe na anwani ya barua pepe, si namba ya simu peke yake. Video zote ziwekwe pia kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa nyumbani. Na namba za wateja ziandikwe katika daftari la karatasi, kwa kalamu, pamoja na jina la mtaa na kile alichonunua kila mmoja.